Mto Tana si Bahari: Kupanga Safari ya Maji ya Kasi Kutoka Upper Hill

Wengi wetu wa Pwani tuliijua Upper Hill kwa ajili ya maradhi. Ndiko iliko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na ni nadra familia isiyokuwa na jamaa aliyewahi kupelekwa huko. Siku hizi mtaa huo una pia mabinti na vijana wetu walioajiriwa katika maofisi yake marefu, na likizo zikifika jamaa hupanda gari la moshi kutoka Mombasa kuwazuru. Katika mojawapo ya nyumba hizo, familia zetu chache zilikaa baada ya swala ya isha kupanga jambo lisilo la kawaida kwetu: kushuka Mto Tana kwa boti la mpira huko Sagana, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi.

Tana si mgeni kwetu. Ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, na unaishia baharini karibu na Kipini. Kwa sababu hiyo kijana mmoja akasema, "Sisi ni watu wa maji, tutaogopa nini?" Tunadhani hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko miamba yenyewe. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui mbizi zake, na maji haya ya Sagana hatujayafika.

Wimbi la bahari huja likarudi, na anayelisubiri hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Mkondo wa mto hausubiri. Husukuma upande mmoja, saa zote, kwa nguvu ileile. Maji yake matamu hayambebi mtu kama yanavyombeba maji ya chumvi. Tena yanatoka kwenye milima, ni baridi, na mtoto aliyezoea maji ya Nyali hutetemeka upesi na kuishiwa nguvu. Mti ulioangukia mtoni huonekana kama kimbilio, kumbe matawi yake hupitisha maji na kumzuia mtu, naye hubanwa hapo asiweze kujinasua. Na lile tulifanyalo ufukweni bila kufikiri, kusimama mara tu mguu unapogusa chini, ndilo lisilofaa kabisa: unyayo ukinasa baina ya mawe, mkondo humwangusha mtu kifudifudi, hata kama maji hayapiti kiuno.

Basi anayeanguka hulala chali, miguu mbele kuelekea yaendako maji, vidole vikichungulia juu, na huacha jaketi okozi limbebe mpaka afike penye utulivu au arushiwe kamba. Haya yafanyiwe mazoezi kwenye maji matulivu kabla ya safari kuanza, kila mmoja wetu, akiwemo anayejua kuogelea. Kampuni isiyotoa mafunzo hayo, au isiyokuwa na mtu wa kayaki anayetangulia kuwaokoa walioanguka, tuiache hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Ugumu wa maji ya kasi hupimwa duniani kote kwa madaraja, kuanzia la 1, ambalo ni maji yanayotembea tu, hadi la 6, ambalo hata mabingwa huliogopa. Kwa wanaoanza, la 2 latosha, na la 3 kwa uangalifu chini ya mwongozaji mzoefu. Tana ya Sagana ina sehemu za upole na ina sehemu kali, kwa hiyo tusiulize, "Je, ni salama?" maana jibu huwa ndiyo. Tuulize ni daraja la ngapi, tutaingilia wapi na tutatokea wapi, na kama anayeogopa aweza kushuka kabla ya sehemu kali na kwenda kwa miguu. Suala la mamba, ambalo nyanya zetu walilitanguliza kuliko yote, waulizwe wanaoshinda mtoni kila siku.

Majira nayo yana neno. Masika huanza Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na miezi hiyo mto huweza kubadilika kwa usiku mmoja kwa mvua iliyonyesha mbali milimani. Hatujasahau Aprili 2024, mafuriko yalipotanda nchini na mashua ikapinduka ndani ya Tana karibu na Garissa, watu wakafa maji. Sisi tumechagua Agosti, watoto wakiwa likizoni.

Mavazi ndiyo yaliyotuchukulia muda mrefu, na ni haki. Buibui halifai mtoni, si kwa kuwa stara haifai, bali kwa kuwa kitambaa kipana hujaa maji, huzonga miguu na hunasa kwenye matawi. Stara ipatikane kwa vazi la kuogelea lenye mikono na miguu mirefu, la kitambaa kisichonyonya maji, na juu yake fulana pana kiasi inayobanwa na jaketi. Kichwani, kilemba cha kuvutia chenye kuziba shingo, bila pini na bila ncha inayoning'inia, kisha helmeti juu yake. Kila mmoja ajaribu helmeti akiwa amevaa hicho kilemba, maana inayocheza hailindi. Viatu viwe vya kufunga; ndala zibaki garini, pamoja na bangili na mikufu.

Boti la wanawake na watoto wao tutaliomba mapema. Mwongozaji huenda akawa mwanamume, na hukaa nyuma ya boti akiongoza. Ikiwa lipo jambo la kumgusa mtu, kama kumvuta kutoka majini kwa mabega ya jaketi, tumekubaliana kwamba uhai hutangulia. Masheikh wetu hawana shaka katika hilo.

Tutaondoka Upper Hill mara baada ya alfajiri, kabla ya msongamano, tushike barabara ya Thika, Kenol, Makutano, hadi Sagana. Katika madhehebu ya Shafii safari ya marhala mbili, takriban kilomita 80, humruhusu msafiri kupunguza na kukusanya swala, hivyo adhuhuri na alasiri tutaziswali pamoja kambini. Mwenye shaka na amuulize imamu wake. Chakula ni chetu wenyewe.

Hawatapanda waja wazito, wenye maradhi ya moyo au kifafa, na watoto ambao jaketi haliwakai sawasawa. Mwenye pumu amkabidhi mwongozaji dawa yake katika mfuko usioingia maji. Na yeyote, mkubwa au mdogo, akisema ukingoni kwamba hataki, asibembelezwe wala asichekwe.

Siku mbili kabla tutapiga simu Sagana kuuliza hali ya maji. Wakituambia mto umepanda, biriani italiwa Arboretum, na fedha za mabasi zitangoja mwezi mwingine.