Kisima cha Mashine: Someni Geji, Andikeni Daftarini

Kikundi kinapoamua kuchimba kisima cha mashine, swali la kwanza kwa mkutano huwa ni moja: mita ngapi, na kila mita ni pesa ngapi? Ni swali zuri. Lakini ulizeni na hili: mawe yanayosagwa huko chini yatatolewa namna gani? Yasipotoka, mashine inakwama, vyuma vinabaki shimoni, na pesa za wanachama zinazikwa pamoja navyo.

Kazi ya hewa

Huku kwetu Bonde la Ufa wachimbaji wengi hutumia hewa. Kompresa huisukuma ndani ya mabomba mpaka chini kabisa. Kisha hurudi juu kupitia nafasi iliyoko kati ya bomba na ukuta wa shimo, ikibeba vipande vya mawe. Ili ivibebe vizuri, inatakiwa kupanda karibu mita 15 kwa sekunde.

Hebu tupige hesabu. Shimo la inchi 8 lenye bomba la inchi 4 na nusu linahitaji hewa kama mita 20 za ujazo kwa dakika. Shimo la inchi 10, kwa bomba lile lile, linahitaji karibu 36. Kwa hivyo kompresa iliyotosha shimo la kwanza inaweza kushindwa na la pili. Hapo fundi huongeza povu, kwa sababu povu hubeba mawe hata likipanda polepole.

Maji nayo yana uzito. Kila mita 10 za maji yaliyosimama shimoni hukandamiza kwa bar 1 hivi. Maji ya mita 150 ni bar 15, na kompresa ya bar 10 haiwezi kuyainua yote kwa mara moja. Inabidi yatolewe kwa hatua.

Kompyuta inafanya nini?

Kule Menengai, kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima vya mvuke mwaka 2011. Mashimo hayo hupita mita 2,000, na miamba ya volkano ina nyufa zinazomeza maji ya kuchimbia. Kwa kazi kubwa za namna hiyo kuna programu za kompyuta. Programu hupewa upana wa shimo, kina, mabomba na kiasi cha maji au hewa, halafu inakadiria presha inayotarajiwa. Vifaa vya kupimia huleta presha halisi papo hapo. Hizo mbili zikitofautiana, mhandisi anajua kuna jambo kabla mambo hayajaharibika.

Nyinyi hamna haja ya kununua kompyuta. Geji iko kwa mashine, na macho mnayo. Angalieni hivi:

1. Presha inapanda, na mawe yanayotoka yanapungua: mawe yanajaa shimoni. Fundi aache kushuka, apulize mpaka shimo liwe safi.

2. Presha inashuka ghafla, na hewa hairudi: pengine mmefika kwenye ufa, au paipu inavuja. Ikiwa ni ufa, huenda likahitajika povu, ama bomba la kuzuia ukuta, yaani kesingi.

3. Maji yanaanza kutoka, au yanaongezeka: andikeni kina hicho mara moja.

Daftari la kikundi

Chagueni watu wawili wa kuandika. Kila bomba likiongezwa, waandike saa, kina, dakika zilizotumika, presha, rangi ya mawe, na kama maji yametoka. Wasimame mbali na paipu za hewa. Daftari hilo litasaidia kujua mabomba yenye matundu yawekwe wapi. Pia litakata maneno ikiwa kutakuwa na ubishi juu ya mita.

Kabla mashine haijafika, hakikisheni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kimepatikana. Mkataba nao utaje upana wa shimo, uwezo wa kompresa, na ni nani atakayelipia vyuma vikikwama.

Jambo moja geji haiwezi kuonyesha: floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya sehemu zetu. Pelekeni maji maabara kabla ya kuyanywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Lijadilini jambo hili katika mkutano ujao. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.