Mnyama Asiye na Jina Pichani

Mtaa ninaoishi unaitwa Kahawa Sukari. Mgeni apitaye Barabara ya Thika akalisoma jina hilo kwenye kibao huenda akatarajia kuona mibuni imejipanga safu kwa safu. Katika uchochoro wangu hapana mbuni hata mmoja. Pana maghorofa, maduka na pikipiki zisizolala. Jina limesalia, na kitu kilicholizaa kimetoweka. Kwa miaka mingi nimewapa wanafunzi wangu wa isimu mfano huo, nikijivunia ukaribu wake. Sikuwahi kuwazia kwamba mfano wa kinyume chake ulikuwa karibu vile vile: kitu kipo, kinapumua, chakula majani, ila jina lake limetutoka vinywani.

Muhula mmoja niliwaagiza wanafunzi walete kila mmoja picha aliyoipiga mwenyewe, kisha aieleze kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Wengi walileta jamaa zao. Binti mmoja alileta picha aliyoipiga kwa simu katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi: mnyama mwekundu-hudhurungi, hana pembe, ana madoa meupe kiunoni na mistari hafifu ubavuni, amegeuza shingo kumtazama mpiga picha. Akasema, "Huyu ni swala." Mwenzake akapinga kwamba ni "dia", kama Bambi wa sinema. Wa tatu akasema ni mbuzi aliyepotea, darasa likaangua kicheko. Kisha wote wakanigeukia mimi. "Daktari, anaitwaje?"

Nikajikohoza. Nikazungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya ukopaji wa msamiati. Jina sikulitaja, kwa sababu sikulijua.

Hebu kwanza tumwondoe huyo Bambi njiani. Yule wa sinema ya mwaka 1942 ni ayala, mnyama wa jamii nyingine kabisa. Ayala dume huota pembe za mfupa zenye matawi, ambazo humdondoka kila mwaka zikaota upya. Swala na jamaa zake hawabadilishi pembe. Waziotazo ndizo wazikwazo nazo. Barani Afrika ayala wa asili hupatikana kaskazini tu, huko Algeria na Tunisia. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili, katika Zaburi ya 42, haikupata neno la kienyeji ikatumia ayala, lenye nasaba na Kiebrania na Kiarabu. Watafsiri wa siku hizi hukimbilia kulungu, ilhali kulungu ni Mwafrika asiye na tone la damu ya ayala. Makosa haya si yetu peke yetu. Walowezi wa Kiingereza walipowaona wanyama wa misitu yetu waliwaita kwa neno walilozoea kumwitia ayala dume wa kwao, na majina hayo yangali yamewaganda hadi leo.

Jumamosi iliyofuata nilijihimu kabla ya alfajiri, nikachukua kamera ya zamani yenye lenzi ndefu, nikashuka Barabara ya Thika hadi Muthaiga, kisha nikashika ile ya Kiambu. Karura ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 uliozingirwa na jiji pande zote. Nilitembea saa tatu nikarudi na picha za kima. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa nikitembea kama mtu aliyechelewa mhadhara.

Aliyenifunza ni mzee mmoja mlinzi wa msitu, ambaye kwa siku mbili alikuwa akinitazama bila kusema neno. "Mwalimu," akaniambia, "wewe unamtafuta. Keti, akutafute yeye." Akanielekeza chini ya mti ambao kima walikuwa wakila matunda. Kima ni walaji wabadhirifu: huuma tunda mara moja wakalitupa, na wanyama wadogo wa chini huja kuokota makombo hayo. Akaniambia pia niketi mahali ambapo upepo unanijia usoni, nisivae nguo yenye kuwakawaka, nisiwashe taa ya kamera, na nisitoke njiani. Kuhusu mbwa wanaoletwa matembezini alisema jambo moja tu: akifunguliwa mmoja, asubuhi nzima imeharibika.

Nikamwonyesha picha ya mwanafunzi wangu. Hakusita. "Pongo. Jike."

Pongo! Wengine humwita mbawala. Neno hilo nililiwahi kulisoma, limo kamusini. Lakini kamusi zetu mara nyingi hutosheka kutuambia kwamba fulani ni mnyama wa mwituni afananaye na mbuzi, na kwa maelezo hayo hata msomi hawezi kuwatenganisha watatu wanaoishi Karura. Mzee aliwatenganisha kwa dakika mbili. Pongo ni mkubwa wao. Dume lake ni jeusi-jeusi lenye pembe za kujisokota, na likishtuka hubweka mfano wa mbwa. Funo ni mwekundu, mgongo umeinama, ana kishungi utosini, na dume na jike wote wana pembe fupi. Paa ni mdogo kama sungura mkubwa, uzani wake kilo tano hivi. Hujigandisha kimya hadi umkaribie kabisa, ndipo afyatuke. Huyu wa mwisho Waswahili wa pwani na visiwani wanamjua sana, na kule Unguja wanaye hata paa nunga, mmoja wa wanyama adimu mno duniani. Sisi wa bara tumewakusanya wote katika kapu moja la "swala", neno ambalo kwa haki ni la wanyama wa mbugani.

Nilipofika nyumbani nililitafuta jina la kisayansi la pongo. Ni Tragelaphus scriptus. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki, mbuzi na ayala walioungwa pamoja. Kumbe yule mwanafunzi wa mbuzi na yule wa Bambi walikuwa wamegawana jina moja bila kujua! Sehemu ya pili ni Kilatini, nayo Peter Simon Pallas aliitoa mwaka 1766 kwa sababu ya yale madoa na mistari: aliyeandikwa. Wapo wataalamu wanaotaka pongo wa upande wetu atengwe na yule wa magharibi, aitwe sylvaticus, wa msituni. Wabishane. Mimi nilibaki na lile la Pallas. Mnyama mwenye maandishi ubavuni alisimama mbele ya darasa la wanaisimu, wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kumsoma.

Huenda msomaji akauliza, jina lina faida gani ikiwa picha ni nzuri? Nitajibu kwa kukumbusha yaliyopita. Mnamo Januari 1999, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kidato cha nne, Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti Karura, wakati sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, damu ikamwagika. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Katika mabishano yale, waliotaka kujenga walikuwa na maneno tele: ploti, maendeleo, nyumba. Ardhi iliyojaa vitu visivyo na majina huitwa pori tupu, na pori tupu ni rahisi kuligawa. Nina hofu kwamba kijana ajuaye kupiga picha elfu moja kwa siku, asijue kumwita hata mmoja wa waliomo, hatakuwa na la kusema siku ramani nyingine itakapoletwa mezani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Mkiwapeleka wanafunzi msituni, wapunguzieni mwendo. Waketini nusu saa mahali pamoja, simu zimenyamazishwa. Picha ije na jina lake, mahali na saa, kama tunavyomdai mtafiti anayerekodi sauti za wazee vijijini. Na jina wakalitafute kwa mlinzi wa lango kabla ya kulitafuta kwenye simu.

Jumamosi ya tano nilimpata. Alitoka taratibu baina ya miti, akainamia tunda lililodondoshwa na kima, masikio yakicheza. Nilibonyeza mara nne kabla hajaisikia kamera. Tatu zilitoka ukungu. Ya nne inaonyesha ubavu, madoa saba na nusu ya kichwa. Kichwa kingine kimefichwa na jani. Niliibandika mlangoni pa ofisi yangu bila maelezo yoyote. Siku ya pili nilikuta mtu ameandika chini yake kwa kalamu ya risasi: "Pongo, dume. Pembe zinaonekana nyuma ya jani, Daktari." Nikaisogelea. Zilikuwapo.