Maji ya Moto Yanapotoka kwa Unyonge: Chunguza Kabla ya Kununua Hita

Katika miezi ya baridi, hasa Juni hadi Agosti, wakazi wa Sekei na maeneo mengine ya miteremko ya Mlima Meru huhitaji zaidi maji ya moto. Yanapopungua nguvu, wengi hudhani hita imeharibika. Hununua nyingine, na tatizo hubaki palepale. Hita hupasha maji, haiyasukumi. Msukumo hutoka kwenye bomba la mtaani au kwenye kimo cha tenki. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji afuate hatua hizi kabla ya kutoa fedha.

1. Fahamu chanzo cha maji

Hakikisha tenki lina maji, kisha funga koki iliyo karibu na dira, upande wa nyumba. Fungua maji ya baridi, halafu ya moto. Iwapo ya baridi yatakoma na ya moto yataendelea kutiririka, basi ya baridi hutoka mtaani na ya moto hutoka kwenye tenki. Hapo unyonge huenda si ubovu, bali ni kimo kidogo cha tenki. Kila mita 10 za kimo huleta msukumo wa takriban bar 1. Tenki ambalo maji yake yako mita 3 juu ya shawa hutoa takriban bar 0.3 tu. Kubadili hita hakutaongeza chochote.

2. Pima kwa ndoo

Ikiwa chanzo ni kimoja, fungua tena koki na ujaze ndoo ya lita 10 kwa maji ya baridi, kisha kwa ya moto, kutoka bomba lilelile. Andika muda wa kila mara. Yote mawili yakichelewa, tatizo liko kwenye chanzo au bomba kuu la nyumba. Ya moto pekee yakichelewa, tatizo liko kati ya koki ya kuingizia maji kwenye hita na bomba unalotumia.

3. Tafuta palipoziba

Kama ni bomba moja tu, safisha chujio la mdomo wake au matundu ya shawa. Mchanga na tope hujikusanya humo, hasa maji yanaporudi baada ya kukatika. Kama ni mabomba yote ya moto, hakikisha koki ya kuingizia maji kwenye hita imefunguliwa kikamilifu, kisha fundi akague chujio lake na mabomba. Mabomba ya chuma ya zamani hujaa kutu ndani na njia ya maji ikawa nyembamba.

Tahadhari

Zima umeme wa hita kwenye swichi kuu na uache maji yapoe kabla ya kufungua chochote. Hita ya tenki ina valvu ya usalama ambayo huweza kudondosha maji kidogo wakati wa kupasha. Usiizibe kamwe, wala usikubali fundi aiondoe ili kuongeza msukumo: msukumo ukizidi ndani, hita huweza kupasuka. Aidha, usifunge pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani. Huwapunguzia majirani maji na huweza kuvuta uchafu kupitia mabomba yanayovuja.

Nani awajibike?

Tatizo likiwa kabla ya dira, toa taarifa kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha (AUWSA) na utunze namba ya taarifa yako. Usiporidhika na majibu, unaweza kupeleka lalamiko EWURA. Baada ya dira, matengenezo ni jukumu la mwenye nyumba. Mpangaji amjulishe kwa maandishi. Kwa fundi, dai makadirio kabla ya kazi, uoneshwe kifaa kilichotolewa, na upewe risiti.