Kipima umbali cha leza: namba ya kwenye boksi si ya kulungu

Waafrika Mashariki waishio Louisville, Columbus au Buffalo, nchini Marekani, wanaojiandaa kuwinda kulungu msimu wa vuli, wasihadaike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la kipima umbali cha leza.

Chombo hicho hupeleka mwanga na kupima muda unaochukua kurejea. Kwa kawaida namba hiyo hupatikana kwa kulenga kitu king'aacho. Manyoya ya kulungu hurudisha mwanga kidogo, hivyo uwezo wa chombo hupungua sana. Tafuta umbali uliotajwa kwa kulungu.

Hakikisha pia kama kinasoma yadi au mita: yadi 300 ni mita 274 tu. Akosaye hesabu hiyo huenda akamwacha mnyama porini akiwa majeruhi.