Shati Lisilo na Pacha: Kuivalisha Filamu kwa Mitumba

Filamu nyingi za fedha kidogo huharibiwa na nguo kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Mama muuza mihogo anaingia na kitenge kipya ambacho mikunjo ya dukani bado inaonekana. Bodaboda aliyeshinda juani ana shati linalong'aa. Mtazamaji huenda asiweze kutaja kasoro iko wapi, lakini anahisi kwamba watu hawa hawaishi ndani ya nguo hizo. Dawa yake inauzwa kila siku katika masoko ya Karume, Manzese na Tandika jijini Dar es Salaam, na kwa wenzetu wa Kenya, Gikomba na Kongowea. Nguo ya mtumba imeshavaliwa na mtu. Kola imelegea, rangi imefifia mabegani, magoti ya suruali yametokeza. Uchakavu huo wa kweli haushonwi kwa siku moja, na ndiyo sababu nayapenda masoko haya kuliko duka lolote la nguo.

Lakini mtumba una tatizo moja kubwa, na kila hesabu ya maleba lazima ianzie hapo: kila nguo iko peke yake. Shati la mistari ya kijani ulilolipata leo hutalipata tena. Filamu nayo hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Mhusika anayechomwa kisu mwishoni mwa hadithi anaweza kurekodiwa akifa Jumatatu na kurekodiwa akinywa chai, mzima na msafi, siku ya Alhamisi. Tena tukio la kisu halirekodiwi mara moja; mwongozaji akitaka kulirekodi mara tatu, anahitaji mashati matatu makavu yanayofanana.

Kwa hiyo kabla ya kukanyaga sokoni, keti na mswada. Gawa hadithi kwa siku zake: siku ya kwanza ya hadithi, ya pili, usiku wa msiba, miaka miwili baadaye. Kwa kila mhusika andika anavaa nini siku hiyo, kisha weka alama panapotajwa damu, maji, tope, moto au kuchanika. Nguo zisizo na alama nunua mtumba bila wasiwasi. Zenye alama zina njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta nguo zinazokuja nyingi za aina moja: mashati meupe, fulana zisizo na maandishi, ovaroli, sare za mahotelini. Ya pili ni kununua shati moja la mtumba na kumpa fundi cherehani alitumie kama kielelezo, akushonee mengine kwa kitambaa kinachokaribiana, ambayo utayafua mara nyingi na kuyasugua kwa msasa kwenye kola, viwiko na midomo ya mifuko. Ya tatu haigharimu hata senti: mwombe mwongozaji aweke tukio la damu mwisho kabisa kwa mhusika huyo. Ombi hilo lipeleke mapema, maana ratiba ikishapangwa na eneo likishakodiwa, hakuna atakayekusikiliza.

Sokoni, watu wengi wa filamu hukosea kwa kukimbilia mzigo mpya. Robota, ambalo kwa kawaida lina uzito wa kilo 45, likifunguliwa alfajiri linazungukwa na wafanyabiashara wa rejareja, nao huchukua nguo safi kwa bei ya juu. Hizo ni za mhusika tajiri au harusi. Hadithi zetu zimejaa walinzi, mafundi gereji, wapangaji na wanafunzi, na nguo za watu hao ziko kwenye mafungu ya chini yanayomwagwa kwenye turubai, ambayo Gikomba huitwa fagia. Nenda mchana au jioni, bei ikiwa imeshuka, na upekue taratibu. Jenga urafiki na wauzaji wachache, kila mmoja na fani yake: wa makoti, wa suruali za vitambaa, wa viatu, wa magauni. Wape picha na vipimo, nao watakuwekea pembeni. Kubalianeni pia kama watapokea nguo nyingine baada ya kazi kwa bei pungufu.

Ukiishika nguo, tazama mabega kwanza. Kiuno na urefu fundi hurekebisha kwa muda mfupi, lakini bega lililokosewa ni kuifumua nguo nzima. Pendelea iliyo kubwa kidogo, kwa sababu kupunguza ni rahisi na kitambaa cha kuongeza hakipo.

Kisha iangalie kwa jicho la kamera. Mistari myembamba iliyobanana hutengeneza mawimbi yanayocheza kwenye video, na njia ya kuyakwepa ni kuipiga nguo picha ya majaribio kwa kamera itakayotumika. Nyeupe kabisa hung'aa na kupoteza umbo; ichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea, rangi itapoa. Chai hushika pamba na haishiki poliesta, hivyo chomoa uzi mmoja mshononi uuchome: pamba huacha majivu na harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu. Halafu sugua kitambaa karibu na sikio. Kikitoa mchakacho, kipaza sauti cha kifuani kitaunasa, na mazungumzo mazuri yatapotea. Nembo kubwa na majina ya vyuo vya Marekani yafute au yafunike, kwani huvuta jicho la mtazamaji na yanaweza kuleta madai ya haki.

Hadithi za zamani zinahitaji tahadhari zaidi. Marobota ya leo yamejaa nguo za miaka ya karibuni, na jinzi inayovutika haiwezi kuingia kwenye filamu ya miaka ya 1970. Wakati huo watu wengi wa mijini Tanzania walishonewa na mafundi, na vitambaa vingine vilitoka viwanda vya nchini kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Kwa hiyo msichana wa Dar aliyevaa sketi fupi katika mandhari ya mwaka 1969 anabeba ubishi mwilini, na mbunifu anapaswa kujua kama mswada unautaka. Sokoni, tafuta umbo: kola pana, suruali ambayo fundi anaweza kuichana chini na kuipachika kitambaa ipanuke. Vingine viulize kwenye masanduku ya wazee. Wengi wanafurahi kuazima wakielezwa kazi yenyewe, na nguo zao zirudishwe zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi.

Koti la kijeshi likitokea kwenye fungu, liache. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Sare za askari katika filamu huanza na kibali, na kibali huanza na barua iliyoandikwa mapema.

Kila kitu kilichotoka sokoni kilowekwe kwenye maji ya moto kama kinayahimili, kianikwe juani na kupigwa pasi kwenye mishono, kabla hakijagusa ngozi ya mwigizaji. Baada ya hapo kila seti iingie kwenye mfuko wake, pamoja na picha ya mwigizaji akiwa ameivaa: vifungo vingapi vimefungwa, mkono upi umekunjwa, doa liko wapi. Mifuko hiyo ikae hadi mhariri akamilishe kazi yake, kwa sababu wiki chache baada ya kamera kufungwa mwongozaji anaweza kugundua kwamba anahitaji kumrekodi mara moja tu zaidi yule mlinzi akitazama geti, na shati la mlinzi ni moja tu duniani.