Anuwai ya Kijenetiki na Uwezo wa Antioksidanti wa Okidi za Tiba: Ansellia africana na Ukame wa Nyanda za Kati

Si nadra utafiti wa mimea dawa kuanza na sampuli moja na kuishia kuizungumzia spishi nzima. Makala haya yanafafanua kwa nini hatua hiyo haikubaliki kwa okidi, hususan Ansellia africana, iliyopewa jina la John Ansell aliyeikusanya mwaka 1841 kisiwani Fernando Po, ambako leo huitwa Bioko. Wazulu wa Afrika Kusini huitumia katika dawa za kutapisha.

Okidi hii hukaa juu ya miti mikubwa bila kuinyonya. Mashina yake manene huhifadhi maji, na baadhi ya mizizi husimama wima kama sindano, ikinasa majani makavu yanayooza na kuulisha mmea. Kwa maumbile hayo hustahimili kiangazi kirefu, mfano wa kile cha Dodoma kinachoanza Mei hadi Novemba.

Antioksidanti ni kemikali zinazodhibiti chembe huria kabla hazijaharibu seli. Katika kipimo cha DPPH, dondoo la mmea huchanganywa na kimiminika cha zambarau. Kadiri rangi inavyofifia kuelekea njano, ndivyo uwezo unavyohesabiwa kuwa mkubwa. Hiyo ni kemia ya ndani ya chupa. Haithibitishi tiba, ingawa hushawishi kusomwa hivyo.

Ugumu wenyewe uko hapa. Ukame huchochea mimea mingi kutengeneza fenoli zaidi. Basi okidi ya nyanda za kati ikiizidi ya pwani, tofauti yaweza kuwa ya jua na kiu, wala si ya vinasaba. Kuzitenganisha sababu hizo kunadai alama za DNA kutoka mimea mingi ya maeneo mbalimbali, kisha vipande vya mimea hiyohiyo vikuzwe katika kitalu kimoja kabla ya kupimwa. Kazi hiyo huchukua miaka, kwa kuwa okidi hukua polepole.

Uchimbaji hausubiri. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini, zikiwemo za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa na kuuzwa Zambia kwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, hulinda sehemu ya maua hayo. Ansellia nayo ikibanduliwa mtini kichaka kizima, anuwai yake hupotea kabla haijapimwa. Kwa hiyo mtafiti achukue jani kwa ajili ya DNA na shina moja kwa ajili ya kemia, mengine ayaache yachipue.