Tumsomeje Mumbi?

Si muda mrefu uliopita nilialikwa kusikiliza mjadala wa wanafunzi wa shule moja ya upili kuhusu riwaya ya marehemu Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka wa 1967. Hoja ilikuwa fupi: kwamba Mumbi alimsaliti mumewe, Gikonyo. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Ushahidi wao ulikuwa wazi. Mume alikaa kizuizini kwa miaka sita. Aliporudi alimkuta mkewe amembeba mgongoni mtoto aliyemzaa na Karanja, mtu aliyejiunga na walinzi wa serikali ya kikoloni hata akafanywa chifu. Kesi ikafungwa, makofi yakapigwa, sote tukaenda zetu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na dukuduku. Vijana wale hawakukosea kuhusu tukio lenyewe, kwa maana Ngugi halifichi, wala Mumbi mwenyewe halikani. Kosa lao lilikuwa kuusoma ukurasa mmoja kana kwamba ndio kitabu kizima. Nami naamini kwamba kosa hilo wamelirithi kwetu sisi tunaowafundisha.

Aghalabu tukifundisha riwaya za vita vya ukombozi, sisi huwapeleka wanafunzi msituni na kizuizini, waliko wanaume. Kihika, kakake Mumbi, aliyenyongwa na wakoloni, huandikiwa insha ndefu. Vita vya kijijini tunavipitia mbio mbio. Ilhali serikali ilipotangaza Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, vita havikubaki msituni. Kuanzia mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati walilazimishwa kuacha makao yao na kuhamia katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa bunduki. Katika nyumba nyingi mwanamume hakuwapo, na aliyebaki kubomoa nyumba ya zamani na kujenga mpya alikuwa mwanamke.

Hayo ndiyo yanayompata Mumbi katika kijiji cha Thabai. Analazimishwa kuchimba handaki la kuwazingira watu wake mwenyewe, huku kijiji kikifungwa na njaa ikibisha hodi. Nyumbani yupo Wangari, mama mkwe wake, wa kulishwa. Ni katika dhiki hiyo ambapo Karanja, aliyempenda tangu ujana wao, anamletea chakula. Mumbi anakikataa, na mwishowe anakipokea kwa siri na kwa aibu. Kwa miaka mingi anamkataa Karanja mwenyewe. Kisha siku moja Karanja anampa habari kwamba mumewe atarudi. Kwa mshtuko wa furaha baada ya kungoja kwingi, ngome yake inaporomoka.

Hebu mwanafunzi ajiulize: hiari ni nini baina ya mwenye bunduki na chakula, na asiye na kimojawapo? Sisemi kwamba swali hili linamsafisha Mumbi. Yeye mwenyewe haombi kusafishwa. Nasema kwamba asiyeliuliza hajaisoma riwaya hii.

Tena lipo jambo ambalo mjadala ule haukuligusa kabisa, nalo ndilo kiini cha ndoa hii. Gikonyo naye alivunja ahadi. Huko kizuizini, baada ya kuvumilia kwa miaka, alikiri kwamba alikula kiapo. Hakuwataja wenzake, lakini alikiri, na sababu yake ilikuwa Mumbi. Alitamani mno kurudi kwake. Basi tazama mizani ilivyo: mume alianguka kwa kumtamani mkewe, na mke alianguka kwa kusikia kwamba mumewe anarudi. Makosa yao yalichipuka katika penzi lile lile. Hata hivyo, mume alirudi akavaa joho la hakimu. Alikataa kuzungumza kuhusu mtoto, akahama kitanda, akajizamisha katika biashara. Siku alipomgeuzia mtoto ukali wake, Mumbi alirudi kwa wazazi wake.

Ajabu ni kwamba wote wawili walisimulia siri zao. Gikonyo alimwendea Mugo akamwaga moyo wake. Mumbi naye alimwendea Mugo huyo huyo. Waliozungukana katika nyumba moja bila neno walipata maneno tele mbele ya mtu wa tatu, ambaye hawakujua kwamba ndiye aliyemtoa Kihika kwa wakoloni. Sijui kama ipo picha kali kuliko hiyo ya ndoa iliyojeruhiwa na vita. Kuzaliwa kwa mtoto kuliitikisa nyumba ile, na kimya kikaivunja.

Hapo ndipo tunapofikia suala la penzi la pili. Katika riwaya nyingi, mwanamke aliyeteswa na ndoa humpata mwanamume mwingine. Wasomaji wa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi wanamkumbuka Yasmin, aliyeozwa akiwa binti mdogo kwa mzee Raza, akatoroka, na moyo wake ukafunguka kwa Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Njia hiyo ni ya haki, kwani ndoa ya Yasmin haikuwa na penzi la kufufua. Ngugi anachagua njia ngumu zaidi. Penzi la pili la Mumbi ni la mwanamume yule yule, ila sharti aje kama mtu mwingine.

Gikonyo anavunjika mkono katika mbio za siku ya Uhuru, Desemba 1963, akishindana na Karanja kama walivyoshindana ujanani. Akiwa hospitalini anaanza kuwazia kigoda atakachomchongea Mumbi, wazo alilotoka nalo kizuizini. Na kwa mara ya kwanza anamuulizia yule mtoto. Swali hilo dogo lina uzito kuliko hotuba zote za Uhuru kitabuni. Mumbi haangui kilio cha furaha wala hakimbilii kusamehe. Anamwelewesha kwamba yaliyopita hayafutwi kwa mkupuo, bali yanataka mazungumzo. Kisha anaondoka. Gikonyo, akiisha kumwona kwa macho mapya, anabadilisha umbo la mwanamke atakayemchonga: atakuwa mja mzito.

Wapo watakaosema kwamba Mumbi ni ishara tu, kwa kuwa jina lake ni la mama wa Wagikuyu katika masimulizi ya asili, na kwa hivyo ndoa yake ni nchi inayotafuta upatanisho. Ni kweli, lakini tuwe na hadhari. Tukifanya haraka kumgeuza nchi, tutasahau kwamba ana mgongo unaouma kwa kuchimba handaki. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo walikuwamo wanawake, na walingoja nusu karne kabla ya kusikilizwa. Hawakuwa ishara.

Kwa hivyo, ndugu mwalimu, utakapofundisha tena riwaya hii, usiwaulize wanafunzi kama Mumbi ana hatia. Waulize ni nani katika Thabai asiye nayo, kisha uwaulize ni nani aliyekuwa na ujasiri wa kuisema kwanza. Nawe mwanafunzi, kabla ya kuinua mkono kupiga kura, rejea kwenye lile handaki usome tena, polepole. Nchi hii ina nyumba nyingi ambamo watu wamekaa miaka wakingoja kuulizwa habari za mtoto.